Nyambizi ya Wajapani na askari wetu wa mizinga: kuzama kwa Khedive Ismail, 1944

Swali: "Kaka yake babu yetu aliingia jeshini akiwa kijana, akawekwa kikosi cha mizinga, na mwaka 1944 familia ikaletewa habari kwamba amefia baharini akipelekwa vitani Burma. Wazee walitusimulia kuwa meli yao ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani, na kwamba manowari za Waingereza ziliwatupia mabomu watu wetu waliokuwa wakielea majini. Je, haya ni kweli? Nyambizi ya Japani ilifikaje bahari yetu? Kwa nini meli nyingine hazikusimama kuwaokoa? Na jina lake tutalipata wapi?" (Msomaji, Machakos)

Jibu:

Maelezo yako, ndugu msomaji, yanalingana na meli moja tu. Askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozama mwaka 1944 wakiwa njiani kwenda Asia walikuwa ndani ya Khedive Ismail, iliyopigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 mchana wa Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, katika eneo la visiwa vya Maldivi. Pokea pole zangu, hata kama zimechelewa kwa miaka 80 na ushei. Yale waliyowasimulia wazee ni kweli: mabomu yalitupwa, na yalitupwa mahali palipokuwa na watu walio hai wakielea. Lakini kisa hicho kikisimuliwa kwa sentensi moja kinaacha nje mambo yanayokifanya kieleweke, na ndiyo maana nakuomba subira, kwa sababu jibu la kwa nini meli nyingine hazikusimama lilianza kuandikwa miaka 30 kabla ya siku hiyo, katika bahari nyingine kabisa.

Nianze na namna nyambizi ya Japani ilivyofika huku. Vita vya Japani huelezwa mara nyingi kana kwamba vilipiganwa katika Pasifiki peke yake, lakini baada ya Malaya kutekwa, na Singapore kuanguka tarehe 15 Februari 1942, Wajapani walipata bandari ya Penang, ambayo mlango wake unaelekea Bahari ya Hindi moja kwa moja. Miezi miwili baadaye, ndege za manowari zao zilishambulia Colombo tarehe 5 Aprili na Trincomalee tarehe 9 Aprili, zikazamisha manowari kadhaa za Uingereza, ikiwemo Hermes iliyokuwa ya kubebea ndege. Waingereza waliona kuwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) si mahali pa kuegesha kikosi chao tena, wakakihamishia Kilindini, Mombasa. Kwa muda fulani, basi, ulinzi wa bahari yote kuanzia Pwani yetu hadi India uliongozwa kutoka kwetu, na pamoja na manowari hizo walihamia wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani, ambao walipewa majengo ya shule ya Allidina Visram na kuendesha kazi yao humo. Humo Mombasa ndimo walimofanikiwa kuvunja mojawapo ya misimbo iliyotumiwa na meli za biashara za Japani. Wapo wengi waliosoma shule ile na kucheza katika viwanja vyake bila kuambiwa habari hii, jambo linalonisikitisha kidogo.

Mwezi Mei 1942 Wajapani walikuja kutazama. Baadhi ya nyambizi zao kubwa zilibeba ndege ndogo ya kutua majini, iliyokunjwa mabawa na kufungiwa ndani ya banda lisilopitisha maji juu ya sitaha. Nyambizi iliibuka, mafundi wakaiunganisha ndege, ikarushwa, na iliporudi ikatua kando na kunyanyuliwa kwa winchi. Ndege ya nyambizi I-30 ilipeleleza Zanzibar na Dar es Salaam kwa namna hiyo, na Mombasa ikachunguzwa kwa periskopu, yaani darubini ya nyambizi inayochomoza juu ya maji. Nyambizi ya aina hii ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 108, ikabeba watu karibu 100, na iliweza kusafiri maili 14,000 za baharini bila kuongezewa mafuta. Safari ya Mombasa hadi Colombo ni maili 2,500 hivi, na kwa hiyo suala la umbali halikuwa kikwazo hata kidogo. I-27, ile iliyowaua ndugu zenu, ilikuwa ya aina hiyo hiyo.

Walichokuwa wakikitafuta ni manowari kubwa za Uingereza, na walizipata Madagaska. Waingereza walikuwa wameishambulia bandari ya Diego Suarez tarehe 5 Mei 1942, wakiinyang'anya serikali ya Kifaransa iliyokuwa ikiwatii Wajerumani, na sababu kuu ya kufanya hivyo ilikuwa woga kwamba Japani ingepewa bandari hiyo iwe kituo cha nyambizi, ambacho kingekata njia ya kuzunguka Afrika Kusini kuelekea Misri na India. Usiku wa tarehe 30 Mei, vinyambizi viwili vya watu wawili wawili vilifunguliwa kutoka migongoni mwa nyambizi I-16 na I-20. Angalau kimoja kiliingia ndani ya bandari, kikaijeruhi manowari kubwa Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Mabaharia wake wawili, Saburo Akieda na Masami Takemoto, walikiacha chombo chao ufukweni na kujaribu kutembea kwa miguu hadi mahali pa kukutana na nyambizi yao. Wakafumaniwa na askari siku ya tatu na kuuawa katika mapambano ya bunduki. Siku moja tu baada ya shambulio la Diego Suarez, vinyambizi kama hivyo viliingia bandari ya Sydney, Australia, na mojawapo ya nyambizi tatu zilizovibeba hadi huko ilikuwa I-27.

Baada ya hapo nyambizi hizo zilihamia Mlango wa Msumbiji na, katika miezi ya Juni na Julai 1942, zikazamisha zaidi ya meli 20 za mizigo zilizokuwa zikipita moja moja bila ulinzi. Askari wetu waliingizwa katika vita hivi vya nyambizi tangu wakati huo, ingawa waliviendea kwa miguu: Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya keya (King's African Rifles), ilipelekwa Madagaska mwezi Septemba 1942 kuiteka sehemu iliyobaki ya kisiwa ili kusibaki bandari ya kumstiri adui.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wa historia hulishangaa. Japani ilikuwa na nyambizi bora, na torpedo (bomu linalojiendesha lenyewe ndani ya maji) bora kuliko zote za wakati ule. Torpedo zao ziliendeshwa kwa oksijeni tupu, zikaenda mbali na kwa kasi bila kuacha mstari wa mapovu unaoonekana vizuri, na kichwa cha kila moja kilibeba zaidi ya kilo 400 za baruti. Pamoja na hayo, zilileta hasara ndogo kuliko zilivyoweza kuleta. Wakuu wa jeshi lao la majini waliamini kwamba heshima ya nyambizi ni kuzamisha manowari, wala si kuwinda meli za mchele na makaa, na vita vilipowaendea vibaya huko Guadalcanal, kisiwa cha Pasifiki, wakaanza kuzitumia nyambizi hizo kubeba chakula kwa vikosi vilivyozingirwa visiwani. Wamarekani walifanya kinyume: nyambizi zao ziliwinda meli za biashara za Japani kwa bidii, na zaidi ya nusu ya shehena ya meli za biashara ambazo Japani ilizipoteza ilizamishwa na nyambizi hizo. Bahari ya Hindi ilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo Wajapani waliwinda meli za biashara na za askari kwa makusudi, lakini kwa idadi ndogo ya nyambizi, zikisaidiwa na chache za Kijerumani zilizoanza kutumia Penang mwaka 1943. Uchache huo ndio uliowafanya Waingereza walegeze ulinzi, na nitalirudia jambo hili kwa sababu kwangu ndilo lenye uzito zaidi kuliko mabomu yale.

Sasa safari yenyewe. Mwanzoni mwa Februari 1944, msafara uliopewa alama ya KR 8 uling'oa nanga Kilindini kuelekea Colombo. Ulikuwa na meli tano za abiria zilizogeuzwa kubeba askari: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga, na kwa jumla zilipakia zaidi ya watu 6,000. Khedive Ismail ilikuwa imeundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikiitwa Aconcagua, kisha ikauzwa kwa kampuni ya Misri na kubadilishwa jina. Ndani yake walikuwemo watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, maofisa na askari 996, waliokuwa wakienda kuungana na majeshi ya Burma. Walikuwemo pia wanamaji wa Uingereza waliokuwa wakienda vituoni mwao, na wanawake zaidi ya 80, wengi wao wauguzi wa jeshi.

Ulinzi wa msafara huo, siku ulipokaribia Maldivi, ulikuwa manowari tatu. Moja ilikuwa Hawkins, manowari kubwa iliyozinduliwa mwaka 1917, ambayo haikuundwa kuwinda nyambizi. Kwa nyambizi, meli ya namna ile ilikuwa windo kama zilivyokuwa meli za abiria. Wawindaji walikuwa wawili tu, Petard na Paladin, manowari ndogo za mwendo wa kasi, kwa meli tano zilizojaa watu. Ndege ya kulinda angani haikuwepo. Wakati ule ulikuwa wa kaskazi, ambapo bahari karibu na ikweta hutulia na mtu huona mbali, hali nzuri kwa msafiri na nzuri vilevile kwa anayemvizia kwa periskopu. Tazama na ramani: Maldivi ni mlolongo wa visiwa ulionyooka kutoka kaskazini hadi kusini, ukikaa kama ukuta kati ya Mombasa na Ceylon, na ukuta huo una milango michache ya kupitia meli kubwa. Kamanda wa I-27, Toshiaki Fukumura, hakuhitaji kuisaka bahari nzima. Alihitaji kungoja mlangoni.

Saa nane na nusu mchana, watu wengi ndani ya Khedive Ismail walikuwa chini ya sitaha, wengine wakipumzika, wengine wamekusanyika ukumbini kusikiliza muziki. Mlinzi wa meli aliiona periskopu na wapiga mizinga wakaanza kuifyatulia, lakini torpedo nne zilikuwa zimekwisha kurushwa, na mbili kati yake ziliipiga meli sehemu ya nyuma na ya mitambo, moja baada ya nyingine. Meli ililala upande na kuzama kwa muda usiozidi dakika tatu. Katika muda huo mtu aliyekuwa vyumba vya chini, kwenye ngazi nyembamba iliyojaa mamia ya wenzake, huku sakafu ikigeuka kuwa ukuta, hakuwa na njia ya kutoka, na hakuna mashua iliyoteremshwa kwa utaratibu. Waliokufa wote pamoja, kabla na baada ya meli kuzama, ni 1,297. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6. Kwa jeshi la Uingereza na makoloni yake, hakuna tukio jingine la vita vile lililoua wanawake wengi wa jeshini kwa mara moja.

Uliuliza kwa nini meli nyingine hazikusimama. Zile nne zilizobaki ziligeuka na kutawanyika kwa kasi yote zilizokuwa nayo, na Hawkins ikaenda nazo. Mtu aliyekuwa majini, akiziona meli za wenzake zikimpa mgongo, aliona usaliti, na sitamlaumu. Ila amri iliyozifukuza ilitungwa kwa sababu ya asubuhi ya tarehe 22 Septemba 1914, karibu na pwani ya Uholanzi. Manowari tatu kubwa za Uingereza, Aboukir, Hogue na Cressy, zilikuwa zikifanya doria pamoja. Nyambizi ya Kijerumani U-9, chombo kidogo chenye watu wasiofika 30 chini ya Otto Weddigen, iliipiga Aboukir. Nahodha wake alidhani amegonga bomu lililotegwa majini, akawaita wenzake waje kumsaidia. Hogue ikasogea, ikaanza kuteremsha mashua, ikapigwa. Cressy ikabaki kuokota watu, nayo ikapigwa. Kwa muda usiofika saa mbili, wanamaji 1,459 walikufa, na wengi wao walikuwa ndani ya meli ambazo zingesalimika kama zingeondoka. Kabla ya siku hiyo maofisa wengi waliichukulia nyambizi kama mchezo wa mafundi. Baada yake, jeshi la majini la Uingereza liliamuru kwamba meli kubwa isisimame kamwe kuokoa mwenzake mahali palipo na nyambizi. Manahodha wa KR 8 walitii kanuni iliyonunuliwa siku hiyo, na ndiyo sababu watu zaidi ya 4,000 waliokuwa katika meli nyingine nne walifika salama.

Adui naye alikuwa na kanuni yake ya kutookoa, na ilizaliwa kwa njia nyingine. Mwezi Septemba 1942, katika Atlantiki, nyambizi ya Kijerumani U-156 iliizamisha meli Laconia, na kamanda wake Werner Hartenstein alipogundua kwamba ilibeba mateka wa Kiitalia kwa mamia, alianza kuwaokoa wote bila kubagua, akitandaza bendera ya msalaba mwekundu na kutangaza kwa redio mahali alipo. Ndege ya Kimarekani ikaishambulia nyambizi hiyo huku mashua za waliookolewa zikiwa zimefungwa nyuma yake. Mkuu wa nyambizi za Ujerumani, Karl Dönitz, akatoa amri kwamba kusiwe na uokoaji wa aina yoyote tena. Matokeo yalionekana upande wetu wa Afrika miezi miwili baadaye: tarehe 28 Novemba 1942, karibu na pwani ya Natal, U-177 iliizamisha Nova Scotia iliyotoka Massawa na Waitalia wengi ndani yake, ikagundua kuwa imewapiga washirika wake yenyewe, ikaondoka kama ilivyoamriwa. Watu 858 walikufa, na waliosalia waliokotwa na manowari ya Wareno. Mkataba wa 1936 uliotiwa saini London ulikuwa umeitaka nyambizi iwaweke abiria mahali pa usalama kabla ya kuzamisha meli ya biashara, lakini ndani ya vita vyenyewe maneno yale yalibaki karatasini. Niongeze, kwa ajili ya haki, kwamba Khedive Ismail haikulindwa hata na mkataba huo, kwa kuwa ilibeba askari katika msafara wenye manowari. Kisheria Fukumura alikuwa na haki ya kuipiga.

Tumefika kwenye mabomu. Baada ya kupiga, I-27 ilizama chini na kujificha mahali pale pale, chini ya mabaki na watu waliokuwa wakielea. Paladin ilikuwa imeanza kuokota watu, Petard ikiwinda. Ili kuelewa uamuzi wa kamanda wa Petard, Rupert Egan, ni lazima ujue jinsi silaha hiyo ilivyofanya kazi. Manowari ilitafuta nyambizi kwa kupeleka mlio ndani ya maji na kusikiliza mwangwi unaorudi. Chombo hicho kilitazama mbele, na meli ilipoikaribia sana nyambizi mwangwi ulipotea, kwa hiyo sekunde za mwisho zilikuwa za kukisia. Kisha yakaangushwa mabomu yaliyofanana na mapipa, kila moja likiwa na kilo 130 hivi za baruti, yaliyopangiwa kulipuka yakifika kina fulani. Yalihitaji sekunde kadhaa kuzama hadi huko, na nyambizi ilizitumia sekunde hizo kugeuka. Ndiyo maana shambulio moja halikutosha. Ilibidi kurudia, na kurudia tena, juu ya eneo lile lile.

Maji hayabonyei kama hewa. Mshindo wa bomu la namna hiyo hupita ndani yake bila kupungua haraka, na mtu aliyezama hadi kifuani anaupokea kwa mapafu na matumbo yake hata kama yuko mbali na mahali bomu lilipolipukia. Egan alilijua hilo, na mabaharia wake walilijua walipokuwa wakiyasukuma mapipa yale baharini huku wakiwaona watu waliokuwa wakiwapungia mikono. Baadhi ya walionusurika torpedo waliuawa na mishindo hiyo. Kwa upande wa pili wa mizani kulikuwa na nyambizi nzima yenye torpedo zilizobaki, na manowari nyingine iliyosimama kuokota watu, jambo lile lile lililoziua Hogue na Cressy. Wenye ujuzi wa mambo haya wamebishana juu ya uamuzi huo tangu siku ile. Mimi naona kwamba Egan hakuwa na chaguo la tatu: angeiacha I-27, ingeipiga Paladin ikiwa imejaa waliookolewa, kisha ikajipatia usiku mzima wa kuzifuata meli zilizotawanyika.

Nyambizi hatimaye ilibanwa, ikaibuka juu ikiwa imeharibika. Manowari zote mbili ziliipiga kwa mizinga, lakini mizinga yao ilikuwa midogo na ngozi ya ndani ya nyambizi, iliyotengenezwa kustahimili uzito wa bahari, haikutoboka. Paladin ilielekea kuigonga kwa ubavu wa mbele, Petard ikaiashiria iache. Ilipokwepa, bawa la chuma la nyambizi liliuchana mwili wake chini ya maji, na nusura izame nayo. Petard ikabaki kurusha torpedo zake moja baada ya nyingine dhidi ya chombo kilichokuwa kikizunguka zunguka, zikakosa sita, na ya saba ikaipasua I-27. Vita hivyo vilichukua saa mbili na nusu hivi tangu Khedive Ismail ilipopigwa. Muda wote huo waliosalia walikuwa majini.

Petard haikuwa manowari ya kawaida, na kwa hili utaniwia radhi nikitoka njiani kidogo. Tarehe 30 Oktoba 1942, katika Bahari ya Kati, ilikuwa miongoni mwa meli zilizoilazimisha nyambizi ya Kijerumani U-559 kuibuka. Luteni Tony Fasson na baharia Colin Grazier waliingia ndani ya nyambizi hiyo ikiwa inazama, wakamkabidhi kijana wa kantini, Tommy Brown, vitabu vya siri vilivyokuwa ndani. Brown alitoka, wenzake wawili walizama nayo. Vitabu hivyo viliwawezesha Waingereza, kuanzia Desemba 1942, kuanza kusoma tena ujumbe wa nyambizi za Atlantiki baada ya miezi mingi ya giza, na jambo hilo liliwekwa siri hadi miaka ya 1970. Mwezi huo huo wa Desemba Petard ilihusika kuizamisha nyambizi ya Kiitalia Uarsciek. Kwa kuipata I-27 ikawa imezamisha nyambizi za mataifa yote matatu ya adui. Katika simulizi za Waingereza, sifa hiyo ndiyo hutangulia, na askari wetu wa mizinga hutajwa baadaye, wakati mwingine kwa idadi tu. Sidhani hilo ni sawa.

Kama mnatafuta wa kulaumiwa, basi, msimtazame sana aliyekuwa kwenye sitaha ya Petard. Watazameni waliopanga msafara. Tangu 1917, Ujerumani ilipoanza kuzamisha meli zote bila onyo na Uingereza ikakaribia kukosa chakula, ilijulikana kuwa dawa ya nyambizi ni kuzikusanya meli pamoja na kuzisindikiza. Lakini msafara bila wasindikizaji wa kutosha ni kumkusanyia mwindaji windo lake mahali pamoja. Mapema mwaka 1944 Uingereza ilikuwa na manowari nyingi za kusindikiza na ndege za kuwinda nyambizi, na ilikuwa imekwisha kuishinda Ujerumani katika Atlantiki tangu Mei 1943. Nyingi zilikuwa huko, nyingine zilihitajika Italia, na nyingine zilikuwa zikiandaliwa kwa ajili ya kuvuka kwenda Ufaransa. Bahari ya Hindi ilipewa makombo. Wakuu walihesabu kwamba nyambizi za Penang ni chache, na hesabu hiyo kwa ujumla ilikuwa sahihi. Ila nyambizi moja ilitosha, na bei ya hesabu hiyo ililipwa na watu ambao hawakuulizwa.

Kuhusu jina. Waafrika wa Rejimenti ya 301 waliozama na Khedive Ismail hawana kaburi, na wanakumbukwa kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki uliomo ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Makaburi hayo yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na rejista yake inaweza kutafutwa bure mtandaoni. Msianze na jina. Makarani wa wakati ule waliandika majina ya Kikamba, Kiluo, Kinyamwezi au Kiganda kama walivyoyasikia, mara nyingi wakiweka jina la baba mahali pa jina la ukoo, na tahajia ya leo inaweza isilete kitu. Anzeni na tarehe ya kifo, 12 Februari 1944, kisha chagueni kikosi, yaani East African Artillery, halafu mpitie orodha yote inayotokea mkilinganisha kwa sauti badala ya herufi. Kama nyumbani kumebaki karatasi yoyote ya malipo ya jeshi au barua ya mkuu wa wilaya, itafuteni namba ya askari. Namba hiyo ikilingana na ya rejista, hakuna haja ya kubishana juu ya herufi za jina. Na kama mmelipata likiwa limeandikwa vibaya, Tume hupokea maombi ya kusahihisha yenye ushahidi wa maandishi.